Opereta Aliyekata Laini

Jina lake nalijua, na limo katika makaratasi ya kiwanda, kama mchwa hawajayamaliza. Lakini katika miaka yote niliyofanya kazi Changamwe sikumsikia mtu akilitumia. Alikuwa Opereta. Madereva waliokuja kupakia magunia walimwita Opereta, meneja alimwita Opereta, na hata mkewe alipopiga simu kutoka duka la jirani yao huko Timbwani alianza kwa kusema, "Opereta, ni mimi." Mimi peke yangu nilimwita Ami, kwa sababu nilianza kumwita hivyo kabla sijamwona.

Sauti yake niliijua miaka miwili kabla ya kuujua uso wake. Nilikuwa nauza katika duka la nafaka Kisauni, na kila mwezi nilipiga simu kiwandani kuagiza magunia. Yeye ndiye aliyepokea. Sauti ilikuwa nzito, ya taratibu, kama mtu anayezungumza huku amejinyoosha mkekani baada ya kula. "Subiri kidogo kwenye laini, binti. Huyo unayemtaka anakunywa chai, lakini anakuja. Nasikia anasukuma kiti." Nikawa namwona kichwani: bwana mkubwa, mrefu, ameketi penye madirisha mapana, watu wote wa kiwanda wako mbele yake.

Siku moja akaniambia, "Kuna nafasi ya karani hapa. Nawe husema 'tafadhali' hata ukiwa umekasirika. Leta barua."

Nilipoileta nilimkuta mtu mdogo wa umbo, mwembamba, msafi sana, katika chumba kisicho na dirisha hata moja. Macho yake yalikuwa yamefumba kama ya mtu anayesikiza kitu kilicho mbali. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba haoni. Naye hakuniambia.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, Rukia. Hivyo viatu ni vya mama yako?"

Vilikuwa vya mama. Vilinipwaya, na nilikuwa nimevaa soksi ili visinivuke.

Swichibodi yake ya kuunganishia simu ilikuwa na taa ndogo, lakini fundi alikuwa amemwekea vipini vilivyochomoza kila simu ilipoingia. Alivipitishia vidole bila kukoma, hata alipokuwa anazungumza nawe, kama mtu anayepapasa nywele za mtoto aliyelala. Watu mia mbili wa kiwanda aliwajua kwa pumzi. Alijua nani ana mafua kabla mwenyewe hajapiga chafya. Alijua ni nani amegombana na mkewe, na nani ametafuta kazi kwingine, kwa kuwa simu zote zilipita mikononi mwake. Lakini sikumsikia hata siku moja akisema la mtu. Ukimwuliza habari ya fulani, alijibu, "Kila anayepiga ana lake," kisha akanyamaza mpaka ukaona haya.

Mwenye subira kama yake kwenye simu sijamwona. Kulikuwa na bibi mmoja mzee aliyekosea namba kila Jumatatu, akimtafuta mwanawe ambaye hakuwahi kufanya kazi kwetu. Opereta hakumkatia hata mara moja. Alimwuliza habari za miguu yake na za kuku wake, kisha akamwambia kwa upole kwamba mwanawe hayuko leo. Lakini akiivua tu ile mashine ya masikioni aliyosikilizia simu, alikuwa mtu mwengine. Chai ikichelewa alinuna. Feri ikichelewa alifika kazini amevimba, akaisema feri asubuhi nzima. Na ole wako umshike mkono barabarani. Alisimama pale pale, magari yakipiga honi. "Umenishika wewe, au nimekushika mimi?" aliuliza. Hakusogea mpaka umwachie, naye aweke kiganja chake juu ya bega lako, kwa hiari yake, ndipo mwende.

Alipenda nguo zilizopigwa pasi. Mkewe alimshonea vifundo vidogo ndani ya kola: kimoja shati jeupe, viwili la samawati, vitatu la kahawia. Alikuwa akiniambia, "Leo mimi ni samawati," kwa fahari ya mtu aliyelichagua mwenyewe.

Saa ya mchana ndiyo iliyokuwa yetu. Saa saba mashine za kusuka zilizimwa, na ukimya uliokuja baada yake ulikuwa mzito hata masikio yakawa yanavuma. Harufu ya mkonge ilichanganyika na harufu ya mafuta iliyopanda kutoka upande wa bandari. Wengine walikwenda kula, wengine kuswali, wengine walilala juu ya marobota. Mimi nilikwenda chumbani kwake na chapati zangu, nikamsomea gazeti. Wakati mwingine yeye ndiye aliyesimulia. Aliniambia kwamba katika ndoto zake watu hawana nyuso. Wanafika kwa sauti, kila mmoja kutoka upande wake, na yeye yuko katikati, na hakuna anayehitaji kuunganishwa na mwenzake kwa sababu wote wanasikizana. Nilimsikiza mpaka chapati zikapoa. Hata leo sijui kama nyingine kati ya saa zile sikuziota mwenyewe.

Kompyuta ililetwa kwetu mwanzoni mwa miaka ya tisini, na watu wazima waliiogopa. Yeye aliipenda siku ile ile. Chuo alichosomea kazi ya simu kilikuwa na marafiki ng'ambo, nao wakamtumia kisanduku cha kusema, kidogo kama tofali la nusu, kilichosoma kwa sauti maneno ya kwenye skrini. Kilisema Kiingereza kama mtu aliyebanwa pua, na Kiswahili kilikiharibu kabisa. Alikiita Mzungu. "Mzungu leo ana homa," aliniambia kikikwama. Skrini za siku zile zilikuwa nyeusi na maandishi matupu. Hapakuwa na picha za kubofya. Uliandika amri, kompyuta ikajibu kwa maneno, ukaandika nyingine. Kwake yeye hiyo ilikuwa simu. Unasema, unajibiwa. Katika mwaka mmoja aliijua kuliko sisi sote wenye macho, na ulipokuja mtandao, modemu, mashine ya kuiunganisha kompyuta na laini ya simu, ikawekwa chumbani mwake, kwa kuwa laini zote zilikuwa huko. Ilipopiga simu ikaanza kulia ile milio yake, aliinamisha kichwa. "Wanaamkiana," alisema.

Kisha meneja akatuita sote ukumbini. Meneja alikuwa mtu wa bara, mchapa kazi, si mtu mbaya. Alisema kompyuta zote zitabadilishwa mwisho wa mwaka. Zitakuja mpya, za picha na kipanya. Majina ya wateja na namba za idara zote zitakuwa humo, na atakayekaa kwenye swichibodi lazima azitumie. Hakumtazama Opereta aliposema hivyo. Sote tulimtazama. Kisanduku chake kilisoma maandishi tu. Mbele ya picha kilikuwa bubu. Siku mbili baadaye aliitwa ofisini, akaambiwa kwa heshima kwamba anaweza kupumzika mapema.

"Umesemaje, Ami?" nilimwuliza.

"Nimesema sijachoka."

Alianza kuandika barua za kompyuta kwa kila mtu aliyemjua ng'ambo, kisha kwa watu waliojulikana na hao. Baada ya wiki kadhaa lilikuja jibu. Walikuwepo watu wachache waliokuwa wakitengeneza programu inayoweza kusoma hata zile skrini za picha. Haikuwa imemalizika. Waliwapa watu wa kuijaribu tu, bure, na waliiweka katika kompyuta yao chini ya kufuli: uandike jina, uandike neno la siri, ndipo ikufungulie. Walimpa jina na neno. Vingefanya kazi mpaka mwisho wa mwezi ule.

Siku ya kwanza alikataliwa. Aliandika neno mara sita, na mara sita kompyuta ya ng'ambo ilimwambia si lenyewe. Nilikuwa pale na gazeti langu. Vidole vyake vikazunguka juu ya meza.

"Rukia."

"Abee."

"Njoo unisomee herufi moja moja. Usiseme kwa sauti kubwa."

Nikajua hapo kilichokuwa kimemzuia kuniomba mapema. Mtu huyu alitunza siri za watu mia mbili; sasa ilimbidi atoe yake. Nilisogea nikalisoma neno katika barua yao kwenye skrini. Herufi ya nne ilikuwa kubwa, na kisanduku hakikuwa na namna ya kutofautisha kubwa na ndogo. Alipoiandika kubwa mlango ukafunguka. Neno lenyewe sitaliandika hapa, ingawa halifungui chochote tena.

Programu ilikuwa imekatwa vipande kumi na viwili. Njia yenyewe ilikuwa ndefu. Kompyuta yetu ilipiga simu kwenye kompyuta kubwa ya kampuni ya mtandao kule mjini kisiwani, ambamo tulipewa sehemu yetu ndogo. Kutoka hapo, kwa amri, ndipo unabisha ng'ambo, unajitambulisha, na unavuta kipande. Njia ya ng'ambo ilikatika kila baada ya dakika chache. Ikikatika, kipande kimepotea, unaanza upya: jina, neno, amri. Mara nyingi kisanduku kilikuwa bado kinasoma swali kwa pua yake, na ng'ambo wamekwisha kuchoka kungoja, wamefunga. Kwa wiki nzima, kila saa ya mchana, alipata vipande viwili tu. Hakula. Nilimwona akipiga meza kwa ngumi, mtu ambaye kwenye simu hakuwahi kupandisha sauti.

Hapo ndipo nilipokosea.

Meneja aliniita. Wateja walikuwa wakilalamika kwamba mchana hawapati laini. "Rukia, Opereta anafanya nini na simu saa ya chakula?" Alikuwa anaandika, hata hakuniinulia macho. Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimeajiriwa kwa neno la Opereta, na nilikuwa na mama na wadogo zangu wawili Kisauni wanaonitegemea, na niliogopa. Nikasema, "Anavuta vitu vyake kutoka ng'ambo."

"Vitu gani?"

"Vya kompyuta. Kuna neno la siri."

"Wewe unalijua?"

Nikatikisa kichwa, sijui. Uwongo huo ndio kitu pekee nisichojutia katika mazungumzo yale.

Mchana ule ule Opereta aliambiwa kwamba ana ruhusa ya dakika kumi tu za laini ile kwa siku, zisizidi hata moja. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja mwezi uishe.

Hakuuliza nani amesema. Siku ya kwanza hakuigusa modemu. Alikiambia kisanduku kimsomee maelezo ya amri, yale marefu yaliyokuwa ndani ya kompyuta ambayo hakuna mtu huyasoma. Siku ya pili vivyo hivyo. Nilikaa na gazeti nisilolisoma, nikisikia ile sauti ya pua ikiendelea katika joto, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka maneno ya Kiingereza yakapoteza maana yakawa kama dua inayosomwa chumba cha pili. Nilisinzia. Niliposhtuka alikuwa anatabasamu.

"Sikiza," akasema. "Nimekuwa mjinga. Kwa nini nisimame mlangoni mimi mwenyewe? Ile kompyuta ya kisiwani hailali, na haina ruhusa ya dakika kumi. Nitaiachia kazi."

Aliandika faili mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi: anwani ya ng'ambo, jina, neno la siri. Ya pili ilikuwa maagizo, mstari kwa mstari: ingia, tazama kipande gani bado hakijaja, kivute, ukikatika, ngoja dakika tano, ingia tena, usikome mpaka viwe kumi na viwili. Alinieleza kila mstari kwa sauti ya chini, kama anayemwelekeza mpeleka barua asiyejua mji.

Lakini kabla ya kuiandika ile faili ya kwanza alisita sana. "Neno la mtu kuliacha limeandikwa," alisema, "nyumbani kwa watu." Kisha akaandika.

Dakika zake kumi za siku ya tatu alizitumia kupeleka faili kisiwani na kuiamrisha kazi ianze. Kisanduku kikasoma jibu, naye akaangua kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, mpaka machozi yakamtoka. Kompyuta ya kisiwani ilikuwa imekataa. Ilisema haitalitumia neno la siri kwa sababu faili ile imeachwa wazi, watu wengine wanaweza kuisoma, aifunge kwanza.

"Ina adabu!" alisema, akijifuta. "Wallahi ina adabu kuliko mimi!" Akaandika amri ya kuifunga isisomwe na yeyote ila yeye. Akaamrisha tena. Safari hii haikubishana. Dakika ya tisa akanyoosha mkono, akakata laini.

Modemu ikanyamaza.

"Na sasa?" niliuliza.

"Sasa hakuna mtu." Aliweka mikono magotini. "Miaka ishirini na miwili nimeshikilia laini, Rukia. Nikiachia, watu wanakatika. Leo nimekata, na kazi inaendelea." Alisema hivyo polepole, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka mahali asipopajua, pazuri.

Sikuweza kuvumilia. "Ami, mimi ndiye niliyemwambia meneja."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Siku ile ulipita hapa asubuhi ukaniamkia. Uliporudi kutoka kwake ulizunguka kwa mlango wa nyuma." Alitafuta kikombe chake, akakipata. "Ulimpa neno?"

"La, wallahi."

"Basi." Akanywa. "Siku nyingine ukiulizwa habari zangu, sema 'mwulize mwenyewe.' Nina mdomo."

Nililia, naye akanywa chai yake mpaka nilipomaliza.

Kesho yake vipande vilikuwa vinane. Keshokutwa alipiga, kisanduku kikasoma orodha: kumi na viwili, hakuna kilichopungua. Kuvileta kutoka kisiwani mpaka Changamwe kulichukua siku tatu, vinne kwa siku, ndani ya zile zile dakika kumi. Siku ya mwisho, kabla ya kitu kingine chochote, aliifuta ile faili ya neno la siri, akaniita nitazame kwa macho yangu kwamba haipo.

Kompyuta mpya zilipofungwa, meneja alikuja mwenyewe chumbani. Alisimama nyuma ya kiti, amekunja mikono. Simu ikaingia, Opereta akapokea, akagonga vitufe bila kugusa kipanya, sauti mpya ikamnong'oneza sikioni, akalipata jina na kuiunganisha simu kabla meneja hajalitafuta kwa macho kwenye skrini. Meneja akatazama simu nne nzima. "Haya, Opereta," akasema. "Endelea." Akatoka. Hiyo ndiyo sherehe yote iliyofanywa.

Aliendelea miaka miwili kasoro. Kisha, wiki moja, alimpeleka mteja kwa mtu asiye wake, mara ya kwanza tangu nimjue. Wiki ile ile akalisikia vibaya jina la meneja mwenyewe. Hakuna aliyemlaumu. Yeye ndiye aliyejua kabla yetu. Alivaa mashine ya masikioni, akaivua, akaikung'uta, akaivaa tena. Mwisho wa mwezi aliandika mwenyewe kwenye kompyuta barua ya kuacha kazi, nikaichapisha mimi. "Masikio," alisema tu. "Yameanza kuchelewa." Saa kumi jioni aliweka kiganja chake begani kwangu, tukatoka mpaka langoni.

Nilikawia kwenda kumwona. Nilikuwa nimeolewa, nimehamia Kiembeni, na kila wiki nilisema wiki ijayo. Zilipobaki wiki chache miaka ya tisini iishe, nilivuka Likoni nikaulizia nyumba. Mkewe alinifungulia, akanishika mikono yote miwili. "Hasikii tena, mwanangu," aliniambia. "Kidogo upande wa kushoto, ukipiga kelele. Naye hataki apigiwe kelele."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba barazani, amenyooka, shati limepigwa pasi. Niliinama mbele yake na sikujua nifanye nini. Sauti yangu ilikuwa haina kazi, na uso wangu haukuwahi kuwa na kazi kwake. Mkewe akanionyesha: akachukua mkono wake, akaufungua kiganja, akaandika kwa kidole.

Niliandika *shikamoo*. Kidole changu kilitetemeka. Nilikuwa bado katika herufi ya tatu alipojibu.

"MARAHABA!" Kuku waliokuwa uani walikimbia. Alikuwa haisikii sauti yake, kwa hivyo hakujua ni kiasi gani anaipaza. Yule mtu wa sauti ya mkekani alizungumza nami saa nzima kama anayemwita mtu ng'ambo ya kivuko, na Timbwani yote ikasikia habari zake: kwamba analala vizuri, kwamba chai ya mkewe ni nyepesi siku hizi, kwamba ndotoni bado anasikia, tena vizuri, na kwa hiyo asubuhi hana haraka ya kuamka. Mimi niliandika. Niliandika majina ya wanangu. Niliandika kwamba nimechelewa kuja. Hilo alilipokea kiganjani, akafunga ngumi juu yake.

Nilipoaga hakusema niketi, wala hakusema nirudi. Alisema salama, basi.

Nilikuwa nimefika mwisho wa ua, naweka mkono kwenye komeo la lango, nilipomsikia akimnong'oneza mkewe. Yeye aliamini ananong'ona. Mafundi waliokuwa juu ya paa la nyumba ya tatu waligeuka.

"AMEONDOKA? MKONO WAKE ULIKUWA UNATETEMEKA. MWAMBIE AJE JUMAPILI." Kisha, baada ya kufikiri kidogo: "LAKINI USIMWAMBIE NIMESEMA MIMI."

Mkewe alinitazama kutoka barazani, kanga mdomoni. Sikumwacha aje mpaka langoni kuniambia. Niliinua vidole vyangu hadi sikioni, nikamwonyesha kwamba nimesikia, na Jumapili nikaenda.